Noeli ya jua kali: vile tunajiandaa na watoto hapa Kashojwa

Shule zimefunga, watoto wako nyumbani mchana kutwa, na katika kila nyumba swali ni moja tu: Noeli tutafanya nini? Mwezi huu tumeona tuwaandikie juu ya mahali petu hapa, na vile sisi, familia yenye watoto watatu wadogo, tunavyojitayarisha. Hatuandiki kama walimu. Tunaandika kama majirani, kila mmoja achukue linalomfaa.

Theluji iko wapi?

Watoto wetu wameona picha za kalenda na za kadi: mti umefunikwa na kitu cheupe kama unga, na mzee wa ndevu amejifunika makoti. Mtoto wetu wa katikati, ana miaka sita, akauliza: "Mbona kwetu hainyeshi ile nyeupe?"

Tukamweleza hivi. Nakivale iko kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mstari huo unakatiza barabara ya Kampala na Masaka pale Kayabwe, na wengi wetu tumeupita ndani ya basi bila kujua. Kwa hiyo huku hatuna majira ya baridi na majira ya joto kama Ulaya. Jua la Desemba na jua la Juni ni ndugu. Mwaka wetu unagawanywa na mvua. Mvua ya kwanza inaanza Machi, ya pili inaanza Septemba, na Desemba ikikaribia mwisho mvua inaaga, jua linashika kazi, na bati juu ya nyumba linaanza kulia "ta! ta!" kwa joto. Noeli yetu ni ya jua kali, na maharage yanakauka shambani.

Lakini theluji yenyewe haiko mbali kama watoto wanavyofikiri. Iko Ruwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, na kilele chake kikubwa, Margherita, kina mita 5,109. Jamaa waliotoka upande wa Beni na Mutwanga wameuona weupe wake asubuhi mawingu yakifunguka. Barafu hiyo inapungua mwaka kwa mwaka kwa sababu dunia inaongezeka joto, lakini bado iko. Mtoto alifikiri kidogo akasema: "Kumbe hata Kongo iko na Noeli ya Wazungu!" Tukacheka. Halafu tukamwambia kwamba katika habari ya Bethlehemu hakuna theluji wala mti wa taa. Kuna wasafiri, kuna wachungaji, kuna mtoto amelazwa mahali mifugo inakula. Hayo yote mtoto wa Kashojwa anayaelewa bila picha.

Sikukuu moja, majina mengi

Wengine wanadhani kambi yetu ni ya juzi. Hapana. Wakimbizi wa kwanza walifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nao walikuwa Wanyarwanda. Nakivale ni moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Wengi wa wale wa kwanza walirudi kwao baada ya 1994, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Wanyarwanda wengine tena. Leo tuko zaidi ya watu 100,000. Wenyeji wetu Wanyankole wako karibu nasi, na wilaya yetu ya Isingiro yenyewe ni changa, ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005.

Ndiyo maana hapa Kashojwa sikukuu moja iko na majina mengi. Sisi Wakongo tunasema Noeli. Jirani wa kulia, Mrundi, anasema Noheli. Waganda na wafanyabiashara wao wanasema Sekukuru. Jirani zetu Waethiopia na Waeritrea wa Kiorthodoksi wanasubiri, kwao siku ni tarehe 7 Januari, na kabla ya hapo wanafunga nyama, maziwa na mayai kwa majuma mengi. Wakati sisi tunakula wao wako kwenye mfungo, na wakati sisi mifuko imekauka wao ndiyo wanaanza kuchoma kahawa na kutuita! Watoto wetu wamekwisha kugundua faida ya jambo hilo: Noeli mbili kwa mwaka.

Na Waislamu? Jirani Msomali hana Noeli, lakini watoto wake na wetu wanacheza mpira mmoja. Sisi tuna desturi ndogo ambayo tunawapendekezea. Kuku wetu wa sikukuu tunampelekea baba wa nyumba hiyo amchinje yeye. Kwetu haituzuii kitu, na kwake inafungua mlango: watoto wote wanakula sahani moja na hakuna anayekaa pembeni akiangalia. Ikifika Idi, wao nao wanatuletea wali na nyama. Hilo halina gharama hata shilingi moja.

Kwanza mbegu, halafu daftari, halafu nguo

Sasa tuseme yale magumu. Zamani kidogo mtu aliweza kutegemea mgao, akaweka pembeni kitu cha sikukuu. Lakini fedha za wafadhili zilipungua. Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulikatwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya ule wa kawaida. Mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kila nyumba, na 2025 watu wengi sana wakatolewa kabisa kwenye orodha. Kila nyumba inajua iko upande gani, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Kwa hiyo Noeli ya siku hizi inatoka shambani na mikononi mwetu, na hapo ndipo kuna mtego. Mwezi Desemba wachuuzi wanapita wakinunua maharage yangali mabichi, shamba zima kwa bei ya chini. Mtu anaangalia mtoto wake bila nguo ya sikukuu, moyo unamuuma, anauza. Tarehe 25 mtoto anapendeza kweli. Lakini shule zinafunguliwa Februari, daftari hakuna. Machi mvua inarudi, mbegu hakuna. Nguo imekwisha kuchanika, na njaa ndiyo kwanza inaingia.

Sisi tuliketi, baba na mama, tukaita hata mkubwa wetu wa miaka tisa asikie. Tukapanga namna hii:

Kwanza, mbegu. Debe la maharage ya kupanda linafungwa, linachanganywa na majivu lisiliwe na wadudu, linawekwa juu. Hilo si la Noeli, wala si la mgeni.

Pili, shule. Daftari, kalamu na fedha ya mwanzo wa muhula vinawekwa kabla ya kitu chochote cha sikukuu.

Tatu, chakula cha siku yenyewe. Nne, nguo. Kikibaki kitu, peremende.

Mkubwa alinuna kidogo aliposikia nguo ni ya nne. Lakini alipoonyeshwa hesabu kwenye karatasi, kwa namba, alielewa. Kwa maoni yetu mtoto anavumilia neno "hatuna" kuliko neno "subiri" lisilo na mwisho.

Kwenda Mbarara

Sokoni Kashojwa vitu vingi vinapatikana: nyanya, lengalenga, samaki, sabuni, vitenge, mpaka simu. Lakini nguo na viatu vya watoto watatu, hesabu yetu inaonyesha Mbarara ni rahisi zaidi, mradi nauli isile faida. Ndiyo maana hatuendi sote. Anakwenda mmoja, tena anabeba oda za nyumba nne au tano, na nauli wanachangia wote. Anakwenda juma la kwanza la Desemba. Ukingoja tarehe 20 na kuendelea, nauli inapanda, taksi inajaza watu kama samaki kwenye kikapu, na sokoni bei inakuwa nyingine.

Watoto hawaendi. Badala yake tunapima miguu yao kwa kamba, kila kamba inafungwa fundo: fundo moja kitinda mimba, mafundo mawili wa katikati, matatu mkubwa. Tunaongeza upana wa kidole kimoja, sababu mguu wa mtoto haukai. Mabega na urefu wa nguo vilevile. Sokoni unatoa kamba zako, unaingiza ndani ya kiatu, basi. Muuzaji hawezi kukudanganya.

Safari yenyewe ni kama kilomita 60. Unatoka alfajiri, umande ungali kwenye majani, na barabara ya vumbi inapita kati ya mashamba ya mahindi na vilima vya nyasi. Kisha mashamba ya ndizi ya Isingiro yanaanza, kilima kwa kilima, matoke tupu mpaka macho yachoke. Hapo utaona na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama matawi ya mti. Ukifika lami, usingizi unakuja.

Mbarara ilitangazwa rasmi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na mwezi huu utaona kweli ni jiji: muziki kila duka, boda boda wanapishana kama nyuki. Juu ya vilima viwili yako makanisa makubwa: Ruharo la Waanglikana na Nyamitanga la Wakatoliki. Na katikati unapita mto Rwizi. Wengi wanauvuka bila kuuangalia. Basi tuwaambie: maji hayo yanatelemka kuja upande wetu, yanaingia kwenye mlolongo wa maziwa ambamo Mburo na Nakivale yamo, halafu yanaendelea mpaka ziwa Viktoria. Tulipowaeleza watoto jambo hili walifurahi sana. Kwao Mbarara si mji wa mbali tena, ni mahali maji yetu yanatoka. Ziwa letu na mabwawa yake, pamoja na yale ya Mburo, yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya dunia ya sehemu oevu za kulindwa. Si ajabu kambi iko na kitu kizuri ambacho dunia inakijua?

Kwenye nguo za mivumba, salimia kwanza. "Agandi, nyabo?" Akikujibu "Ni marungi", tayari bei imepungua kidogo. Angalia mshono ndani, angalia zipu, usichague kwa rangi tu. Na usisahau kitambulisho chako cha mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi, lakini karatasi mfukoni inafupisha maneno njiani.

Kazi za nyumbani, na watoto wapate sehemu yao

Kitenge tunanunua kipande kimoja kikubwa, na fundi cherehani wa Kashojwa anakata watoto wote watatu humo. Kumpelekea mapema ni muhimu. Mafundi wote juma la mwisho wanalala hawalali, na mtoto wa mwisho kwenye foleni anavaa nguo isiyo na vifungo. Vipande vinavyobaki tunavikata kuwa utepe wa mlangoni.

Mapambo hatukati miti. Miti imepungua sana kambini, na kuni tunazitafuta mbali. Tunachimba mgomba uliokwisha kuzaa, tunausimika mlangoni na majani yake, kama wazee wetu walivyofanya kwenye harusi kule Kivu na Burundi. Watoto wanatengeneza minyororo ya karatasi kutoka kalenda za mwaka unaokwisha.

Kisha kuna udongo. Kwetu hii ndiyo kazi watoto wanayoipenda kuliko zote. Wanachota udongo mfinyanzi, wanaufinyanga: Maria, Yosefu, mtoto, wachungaji, kondoo. Mwaka jana kitinda mimba alifinyanga ng'ombe wa Bethlehemu, pembe zake ndefu kuliko mwili wote, ng'ombe wa Ankole kabisa! Zilivunjika mara tatu, tukaweka vijiti. Na wakati wa kufinyanga ndipo maswali yanakuja. Tulipowasimulia vile Yosefu aliamka usiku akamchukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri kwa sababu mfalme alitaka kuua watoto, mkubwa alinyamaza. Halafu akauliza: "Kule Misri walipewa kiwanja?" Wa katikati naye: "Na Yesu alikuwa na kadi?" Hatukuwa na jibu la kiwanja wala la kadi. Tulichowaambia ni kwamba alikimbia akiwa mdogo kama wao, na hakuna aibu katika kukimbia ili mtoto aishi.

Mezani

Nyama tunapata kwa likelemba. Nyumba kumi zinaweka kidogo kila juma kuanzia Septemba, na mwanzoni mwa Desemba tunanunua mbuzi wawili kabla bei haijapanda. Wanafungwa kwa mmoja wetu, watoto wanawalisha, na tatizo pekee ni kwamba wanawapa majina, kisha siku ya kuchinja kuna machozi. Tumekwisha kukataza majina.

Pembeni ya nyama kila mtu anapika cha kwao. Sisi sombe na mafuta ya mawese, na bugali wa muhogo. Mama Mrundi anapika maharage na ndizi, na akipata ndagala zilizotoka ziwa Tanganyika anaimba siku nzima. Wenyeji wanaleta matoke. Wali kidogo kwa wote, maana mtoto bila wali anaona Noeli haijafika. Soda ni ghali, kwa hiyo tunawapikia bushera ya mtama, ile tamu ya siku ya kwanza ambayo haijachacha.

Tena tuseme neno la afya, sababu jua hili halina mchezo. Nyama iliyopikwa mchana isilale mpaka kesho yake mchana bila kuchemshwa tena vizuri. Hatuna friji, na kuhara kwa mtoto mdogo kunakwenda haraka. Maji ya sikukuu tunayachota tarehe 23, maana 24 foleni ya jerikani inafika barabarani. Tunayachemsha usiku yapoe. Mbabula tunaiweka nyuma ya nyumba, mbali na nguo mpya, watoto wanakimbia bila kuangalia. Chandarua hakuna likizo, mbu hawajui Noeli. Na ziwani mtoto asiende peke yake.

Sokoni na kanisani siku hizo kuna msongamano. Kitinda mimba wetu tunamshonea kikaratasi ndani ya mfuko wa nguo: jina la kijiji, kanisa letu, na namba ya simu. Mtoto akipotea, yeyote aweze kumrudisha.

Wale ambao wako na sisi, na wale ambao hawako

Wakubwa wanakumbuka Noeli ya nyumbani, wadogo walizaliwa hapa. Jioni ya tarehe 24 tunawapigia simu wale waliobaki. Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, kuna namba ambazo hazijibu. Tunapiga hata hivyo, watoto wakiwepo, na tunataja jina la kila mtu kabla ya kula. Tulijiuliza kama ni vizuri kwa watoto wadogo. Tumeona ndiyo. Mtoto anayesikia jina la babu yake kila mwaka anajua ana babu.

Kuna pia nyumba zilizokuwa zikingoja ndege. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, na jirani fulani walikuwa wamekwisha kuuza vitanda na masufuria. Noeli yao ya kwanza baada ya hapo walipika kwa sufuria zetu, na watoto wao walivaa nguo walizokuwa wametunza kwa safari. Mama wa nyumba hiyo alituambia: "Nguo haijui ilinunuliwa kwa ajili gani."

Na kila mara kuna wageni wapya. Wanatoka Kongo, wanapitia kituo cha Nyakabande kule Kisoro, wanafika kwetu na mfuko mmoja. Wao hawana shamba lililokomaa, hawana likelemba, hawajui hata soko liko wapi. Nyumba zetu kumi zimekubaliana hivi: kila nyumba inaweka sahani moja ya ziada, na kila mtoto wetu anamleta mtoto mmoja ambaye ni mgeni. Hatuiti msaada. Mtoto anaalika rafiki, imekwisha. Sisi wenyewe tulipofika, mtu alitufanyia hivyo, na mpaka leo tunakumbuka ladha ya maharage yale.

Bonane nayo ikija, tarehe 1 Januari, tutakula kilichobaki, tutafua nguo za sikukuu, tutazikunja kwa ajili ya Jumapili. Debe la mbegu litakuwa bado liko juu.

Familia zenye desturi zao za Noeli na watoto, tuandikieni kwa ajili ya toleo lijalo: michezo, mapishi, hata namna ya kutuliza mtoto ambaye amepata kidogo kuliko mwenzake. Kwa wote, Noeli njema, Noheli nziza, Sekukuru ennungi, na Bonane yenye amani kwetu hapa na kule tulikotoka.